Karani wa Mji wa Tangini

Mimi yule mzee sikumwamini tangu siku ya kwanza alipokaa kwenye kiti changu. Alikaa kama mtu anayekagua ploti kabla ya kununua. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama kutazama chini, kisha akaniuliza, "Hiki kiti kimekuwa hapa siku zote?"

"Siku zote, mzee."

"Kimesogea."

Nikacheka, nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Akanionyesha sakafuni alama nne za duara, za miguu ya kiti, mahali kilipokuwa kabla sijakivuta kufuata soketi ya umeme. Akafunga macho, akaegemea, nikaanza kunyoa. Siku hiyo nilinyoa nikijiambia, huyu mtu ni polisi mstaafu au ni mwizi mstaafu. Katikati ya hizo mbili sikuona kazi nyingine.

Duka letu la kinyozi liko Peckham, London, limebanwa kati ya duka la nywele za bandia na kanisa ambalo zamani lilikuwa ghala la mazulia. Jumamosi wanajaa watu wa kwetu, na kwetu ni Tangini. Kama hujawahi kuisikia Tangini, usijilaumu, hata Kenya kwenyewe kuna watu hawajaisikia. Ni mji mdogo wa bara, wa vumbi, ambao siku moja serikali za kaunti zilipoanza uliamka ukajikuta makao makuu. Mji ambao taa ya barabarani ilikuwa moja, na hiyo moja ilikuwa inawaka kwa hiari yake, ukapewa gavana, bunge la kaunti, benki na hoteli yenye lifti. Lifti ya ghorofa mbili. Watu walitoka vijijini kuja kuipanda, wakashuka kwa ngazi ili wapande tena.

Huyo mzee ndiye aliyekuwa anatusomea historia ya mji huo. Sote tulimwita Karani, kwa sababu alituambia alikuwa karani wa ofisi ya ardhi. Jina lake halisi sijalijua hadi leo. Nilipomuuliza alisema, "Karani inatosha," na mtu akisema jina lake linatosha bila kulitaja, mimi naweka alama kichwani.

Historia yake ilikuwa na mpangilio na hakukubali uuruke. Kwanza kulikuwa hakuna kitu, nyasi na mawe tu. Halafu wakaja wajenzi wa barabara, wakapiga kambi, wakasimamisha tangi la maji la chuma. Halafu Mhindi mmoja akafungua duka mbele ya kambi kwa sababu wajenzi wanavuta sigara na wanakula sukari. Halafu watu wa ng'ombe wakaanza mnada pale kwa sababu ng'ombe wanakunywa maji. Halafu zahanati, kwa sababu penye mnada watu wanapigana. Halafu ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa, kwa sababu ya hao hao waliopigana. Halafu shule, posta, msikiti wa mabati, kanisa la mabati, na baa iliyokuwa na ukuta wa mawe kabla hata ya kanisa kuwa nao.

"Kila kitu Tangini kilipimwa kutoka kwenye tangi," alikuwa anasema, kidole juu. "Barabara, ploti, soko. Mpima ardhi alisimama kwenye tangi akasema, hapa ndipo mwanzo. Andika hiyo."

"Niandike na mashine ya kunyoa?" namuuliza.

"Wewe nyoa. Nawaambia wenye akili."

Watu wanacheka, mimi nacheka, lakini nilikuwa nimeona kitu. Yeye mwenyewe alikuwa haandiki. Karani gani haandiki? Kadi ya rambirambi ikizungushwa dukani itiwe sahihi, anasema miwani amesahau nyumbani, na miwani iko mfukoni, naiona. Barua ya kaunsili, halmashauri ya huku, ikimjia ananipa mimi nimsomee. Mimi! Darasa la nane niliingia na kutoka kama mtu aliyekosea mlango. Namsomea, anasikiliza macho yamefumba, na ukimuuliza wiki tatu baadaye anakurudishia barua yote, hadi nambari ya chini kabisa. Kichwa kile kilikuwa ghala. Ila ghala la nani, ndiyo nilikuwa najiuliza.

Tabia nyingine ni hatua. Huyu mzee hakutembea kama watu. Alitembea akihesabu, midomo inacheza. Kutoka kituo cha basi hadi mlangoni kwetu alijua ni hatua ngapi, na wakati kaunsili walipohamisha kituo kidogo kwa ajili ya matengenezo, aliingia dukani amekasirika kama mtu aliyeibiwa. Nilimwambia mzee, labda leo umevuta miguu, baridi. Akanitazama. "Mguu wangu," akasema, "ni wa kazi."

Nisiwe mtu wa kusema mabaya tu. Alikuwa na wema wake, na ulinichanganya zaidi. Mama mmoja wa kwetu alipofiwa na mume huku, hana ndugu hapa hata mmoja, Karani alihamia jikoni kwake siku tatu. Hakuhubiri wala hakutoa historia. Aliosha vikombe. Watu wanaingia na kutoka, yeye yuko kwenye sinki, mikono imejaa povu, na jioni anafagia, anaondoka. Msichana aliyetoka nyumbani kuja kufanya kazi ya kuhudumia wazee, hajui hata basi linasimamishwaje, Karani ndiye aliyempeleka kazini wiki ya kwanza, akamfundisha njia: ukishuka hapa, hatua arobaini, geuka kwa duka la samaki. Yule msichana mpaka leo akienda kazini anahesabu. Kwa hiyo ukinipata namsema utaambiwa, wewe kinyozi una roho mbaya, mzee wa watu ana kosa gani?

Kosa lake lilikuwa simu. Alikuwa na simu ndogo ya vibonye, na ikilia anatoka nje, hata kuwe na mvua ya kukata masikio. Mtu wa historia, anayesema kila kitu mbele ya kila mtu, simu yake anaificha. Siku moja nilikuwa mlangoni natikisa taulo, nikamsikia. "Usimimine zege kabla sijasema," anasema. "Ngoja mchanga ule mwingine. Na geti lipakwe kijani."

Akarudi ndani, akaketi. Nikamuuliza kwa upole, upole wangu ule wa kisu, "Mzee, unajenga?"

"Nijenge wapi?"

"Si nauliza tu. Tangini labda."

"Tangini mimi sina kitu," akasema. "Hata kaburi sina. Nilitoka na begi moja."

Sasa wewe niambie. Mtu hana kitu Tangini, lakini jengo jipya la gavana alilijua kabla halijafika kwenye kundi letu la simu. Alijua benki imefunguliwa wapi, alijua ni duka gani la saruji limefungwa, alijua hadi kwamba soko limewekewa paa na paa linavuja kona ya wauza nyanya. Watu walishangaa kumbukumbu yake. Mimi nikawaambia, hiyo si kumbukumbu, huyo ana mtu kule. Wakaniambia, wewe nyoa.

Mambo ya utani yalikwisha siku ambayo mjomba alituma picha.

Mama yangu ni muuguzi wa wazee, kazi ya kuinua watu wazima kitandani na kuwashusha. Mgongo wake unajua. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na kitu kimoja tu alichokuwa anakifanya kwa ajili yake mwenyewe, nyumba ya vyumba vinne Tangini, upande wa chini wa barabara kuu, mahali anaposema atakaa na kutokuinua mtu yeyote tena. Mjomba ndiye aliyesimamia ujenzi. Picha aliyotuma ilikuwa ya ukuta wa mbele wa nyumba hiyo, na kwenye ukuta, alama ya X ya rangi nyekundu, kubwa kuliko mimi.

Nyumba saba za upande wetu zilipigwa X. Kaunti ilitaka kupanua barabara iwe ya njia nne, kwa sababu makao makuu lazima yawe na njia nne hata kama magari ni matatu. Walikuwa wamepima kutoka kwenye tangi, kama kawaida ya Tangini, na kipimo kikasema nyumba zetu zimejengwa ndani ya ardhi ya barabara. Ng'ambo, upande wa pili, kipimo kilikuwa kimeacha nafasi. Kamati ya ardhi ingekaa na kusikiliza watu, halafu tingatinga lingekuja.

Mama alitazama picha, akaiweka simu kifudifudi, akaendelea kupiga pasi sare yake ya kazi. Alipiga pasi mkono mmoja wa sare mpaka ukang'aa.

"Mjomba wako anasema wazee wanadai zamani barabara ilikuwa kule zaidi," akasema. "Lakini hakuna anayeweza kusema ni wapi hasa. Kamati inataka mtu aliyekuwepo walipopima."

Tukatazamana. Sote wawili tulimjua mtu huyo.

Mama alimfuata mwenyewe dukani Jumamosi, na sare yake ya kazi, ameacha kulala baada ya zamu. Alimwamkia vizuri, akamwita baba. "Baba, wewe ulikuwepo. Barabara ya Tangini ilipimwa wapi?"

Karani hakufumbua macho. "Kutoka kwenye tangi."

"Tangi hili lililopo sasa?"

"Tangi ni lile lile, mama. Tangini kuna tangi moja."

"Baba, nyumba yangu inabomolewa."

"Pole sana," akasema, na nitakuambia kitu kilichonikera: alimaanisha. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Lakini hakusema neno jingine, na mzee huyu hakuwahi katika maisha yake kujibu swali la Tangini kwa sentensi moja. Ukimuuliza posta anakupa saa nzima, mhuri na rangi ya mlango. Leo tangi, sentensi moja. Nikajiambia, hapa pamezikwa kitu.

Sasa, katika historia yake kulikuwa na yule Mhindi wa duka la kwanza, na mara moja Karani aliteleza akasema binti wa yule Mhindi ana duka Kingsbury, upande mwingine wa London. Jumatatu nikapanda treni. Barabara ya Kingsbury ni maduka ya Wagujarati mlango kwa mlango, nikaingia moja, nikaingia jingine, nikiuliza kwa Kiswahili kama mwendawazimu. La nne, mama mmoja mnene mwenye sweta juu ya sari aliinua kichwa kutoka kwenye magunia ya dengu.

"Tangini?" akasema. "Wewe toto ya nani Tangini?"

Nikamwambia. Akacheka, akapiga meza. Akamwita mjukuu wake alete chai. Mjukuu akajibu kwa Kiingereza kwamba ana kazi ya shule, na bibi akamjibu kwa Kiswahili kwamba kazi ya shule haina kiu. Chai ikaja. Nikamweleza habari za Karani wetu.

"Karani?" Akakunja uso. "Karani wa ardhi ilikuwa Mgoa moja, amekufa zamani sana. Hiyo mzee yako iko na sikio moja imekatika kidogo hapa juu?"

"Ndiyo." Sikio lile nilikuwa nalinyolea kwa uangalifu kila Jumamosi.

"Basi hiyo siyo karani. Hiyo ilikuwa mshika mnyororo. Mzungu ya kupima nakaa na darubini yake, hiyo kijana nakimbia na mnyororo ya chuma mbele, naweka jiwe, narudi. Jua kali! Alikuwa nakuja dukani kwa baba kuomba maji."

Nikahisi furaha ile mbaya, ya mtu aliyeshuku kitu miaka na sasa kimethibitika. Nikamuuliza habari ya tangi.

"Tangi ile ya kwanza ilianguka," akasema, kama kitu ambacho kila mtu anakijua. "Ilikuwa mbele ya duka yetu. Asubuhi kivuli yake naingia mpaka kwa kaunta, baba anafurahi, siagi haiyeyuki. Halafu ikaoza mguu, ikalala. Wakajenga ingine, lakini siyo pale pale, walisogeza kule chini. Kivuli ikapotea. Mama yangu alilia kwa ajili ya siagi."

"Walisogeza kiasi gani?"

"Mimi nilikuwa toto. Naweza kusema kivuli tu. Hiyo kamati yenu nataka kivuli?" Akafunga kifuko cha dengu, akanipa bure, nikakataa, akanipa tena. "Hatua iko kwa yeye. Uliza yeye. Lakini uliza pole, eh? Hiyo alikuwa kijana ya haya sana. Kuomba maji tu nasimama nje mpaka baba aone."

Mimi sikuuliza pole.

Jumamosi iliyofuata Karani akaketi, nikamfunga kitambaa, nikaanza upande wa kushoto. Nilinyoa upande wa kushoto wote, vizuri, hadi karibu na lile sikio. Halafu nikazima mashine. Duka lote likageuka kutazama, maana mashine ikizimwa katikati ya kichwa kila mtu anajua kuna jambo.

"Mzee," nikasema, "tangi la kwanza lilikuwa wapi?"

"Washa mashine."

"Nimetoka Kingsbury. Binti wa duka anakusalimu. Anasema wewe ulikuwa mshika mnyororo."

Usoni hakubadilika. Ni mikono tu chini ya kitambaa, niliiona inajikunja. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri zamu akacheka kidogo, kile kicheko cha puani, "Kumbe karani wa mnyororo," na wengine wawili wakamfuata kucheka. Mimi ndiye niliyeanzisha mzaha huo, na ulipotoka mdomoni mwa mtu mwingine haukunifurahisha.

Karani akajifungua kitambaa mwenyewe. Akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya kiti. Akavaa kofia juu ya kichwa kilichonyolewa nusu, akatoka nje kwenye barabara ya Rye Lane, ndani ya umati wa Jumamosi, akihesabu.

Nilirudi nyumbani nikijisifu. Mama aliponisikia hakunifokea, heri angenifokea. "Ulitaka akuambie," akasema, "au ulitaka watu wamcheke?"

"Mama, ni mwongo. Ana kitu kule. Nimemsikia anamimina zege."

"Inawezekana. Na sasa hatakuambia hata saa."

Wiki tatu hakuonekana. Kiti kikawa na wateja wengine, historia ikakosa msomaji, Jumamosi watu wakaanza kusema mambo ya mpira. Kamati ikatangaza siku ya kwenda kwenye tangi kuangalia mahali penyewe, Jumanne, halafu wangeamua. Mama akaomba siku hiyo mapumziko. Si kwamba angeweza kufanya kitu kutoka London. Alitaka tu awe ameketi.

Jumanne asubuhi, saa nne ya huku, kengele ya flati ikalia. Nikafungua. Ni yeye, na koti lake la Jumapili. Upande wa kulia wa kichwa alikuwa amenyolewa na mtu mwingine, na kazi ilikuwa mbaya, imepanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Nikaumeza mzaha. Kujizuia kule kuliniuma meno.

Hakunisalimu mimi, alimsalimu Mama. "Mama, kamati imefika?"

"Wako pale sasa hivi, baba. Ndugu yangu yuko nao."

"Mpigie. Ile simu ya kuonana nyuso."

Mjomba akatokea kwenye kioo, jua la saa saba ya mchana limempiga usoni, na nyuma yake naona watu: chifu na kofia yake, mama mmoja mwenye faili ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, vijana wenye majembe ambao sijui walitarajia nini. Na juu yao wote, tangi. Karani akaishika simu ya Mama kwa mikono miwili, akaiweka karibu sana na uso hadi kule walikuwa wanaona pua tu.

"Mwambie huyo mama mwenye faili anisikie," akasema. "Mimi nilikuwa mshika mnyororo Tangini. Sikuwa karani. Mnyororo niliushika mimi."

Yule mama mwenye faili akasogea. "Tunakusikia, mzee."

"Simama kwenye mguu wa tangi hilo, mguu wa upande wa posta. Sasa geukia jua linakotoka. Tembea hatua kumi na tatu."

Mjomba akaanza kwenda. Karani akapiga kelele, "Siyo hivyo! Una miguu mirefu, unatembea kama unakimbia mvua. Tembea kama mtu aliyebeba chuma." Mjomba akarudi, akaanza upya, taratibu, na yule mzee sebuleni kwetu Peckham akawa anaenda naye, mguu wa kwanza, mguu wa pili, juu ya kapeti, mpaka goti lake likagonga meza ya chai. Kule Mjomba akasimama. Alikuwa amesimama kwenye vumbi tupu, mbele ya jengo ambalo sasa ni duka la simu.

"Chimba hapo."

"Hakuna kitu hapa, mzee," Mjomba akasema.

"Mawe yalitolewa. Watu wa kujenga wanapenda mawe. Chimba. Chini ya kila jiwe la kupimia tulikuwa tunaweka makaa, debe zima, tunashindilia. Jiwe mtu anaweza kubeba usiku. Makaa nani atabeba? Mimi niliyaweka hayo kwa mkono."

Wakachimba. Picha inatikisika, jua, vumbi, miguu ya watu. Mama alikuwa amesimama nyuma ya kochi, ameshika kochi. Mimi hata pale bado nilikuwa najiambia, anatuzungusha, sasa hivi atasema ni hatua kumi na nne, kisha kumi na tano, mpaka kamati ichoke iende nyumbani. Halafu nikasikia jembe limebadilika sauti, na kijana mmoja akasema, "Ni nyeusi." Chifu akainama. Yule mama mwenye faili akachukua kipande kwa vidole, akakisugua, vidole vikawa vyeusi, akawaonyesha wengine.

"Sasa pimeni barabara kutoka hapo," Karani akasema. "Siyo kutoka kwenye tangi la sasa. Kutoka hapo."

Wakavuta mkanda. Ukapita mbele ya ile safu ya nyumba saba, mbali nazo, na Mjomba akaigeuza kamera kidogo nikaona ukuta wa Mama na ile X. Mkanda haukuugusa. Mama akaliachia kochi. Barabara yote ilikuwa inahamia ng'ambo, hatua kumi na tatu, na ng'ambo hakukuwa na mji bado, ni ploti mpya tu zilizokatwa kaunti ilipokuja, nyasi, na kibanda cha saruji. Na nyumba moja. Mabati mapya, ukuta wa mawe yaliyochongwa, geti.

Geti la kijani.

"Mkanda unaingia kwa nyumba ya watu hapa," Mjomba akasema. "Na mlinzi anakataa."

Tukamwona mlinzi, mwanamume mzima na koti refu, amesimama katikati ya geti, mikono imepanuliwa. "Mwenye nyumba hayuko," anasema. "Yuko nje. Siwezi kuruhusu mtu bila yeye kusema."

"Usiukunje mkanda," Karani akasema kwenye simu. "Uende moja kwa moja."

Yule mlinzi akaacha kubishana. Akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kitu mbali, halafu akasogea akatazama kwenye kioo cha simu ya Mjomba, karibu kabisa, tukaona jicho lake.

"Mzee?" akasema. "Ni wewe?"

Mimi nilikuwa nimemshuku kwa miaka na nilikuwa sahihi. Kila kitu nilichomshuku kilikuwa pale, kimepakwa rangi. Alijua ile ardhi ni ya barabara, alijua siku kaunti ilipopima vibaya ikaonekana haina mwenyewe, na akaichukua, akajenga juu yake, akatuambia tangi ni lile lile. Nilimtazama nitafute mzaha wa kumrushia. Nilikuwa nao mwingi asubuhi ile.

Mama akamshika bega. "Baba," akasema polepole, "ngoja kwanza."

"Ni mimi," Karani akamwambia mlinzi.

"Nifungue, mzee?"

"Fungua."

Geti likafunguka. Wakaingia wote, chifu, yule mama na faili lake, vijana na majembe, wakipita kwenye uwanja uliofagiliwa. Mkanda ukapanda ngazi mbili za veranda. Mlango ukafunguliwa. Ndani kulikuwa na viti bado vimefungwa nailoni.

"Umeishia sebuleni," Mjomba akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Katikati kabisa. Tufanyeje, mzee?"

Karani akaisogeza simu mbali na uso, akaitazama ile sebule, viti na nailoni yake. Kisha akairudisha karibu.

"Kamera inatikisika," akasema. "Ishike vizuri, huyo mama mwenye faili aone. Wekeni kigingi hapo."

"Ndani ya nyumba?"

"Hapo mkanda ulipofika."

Tukasikia nyundo ikipiga juu ya saruji mpya, mara ya kwanza, mara ya pili, na yeye midomo inacheza, anahesabu.